Akwaponiki ya nyumbani: kipi ni cha lazima, kipi ni mbwembwe za mafundi?

#1 Chogo wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nataka kufunga akwaponiki (samaki na mboga kwa maji yaleyale) uani, nafasi yangu ni kama mita tatu kwa nne. Nimepanga, ila mwenye nyumba karidhia. Fundi kaniletea orodha: tenki la samaki, kitanda cha mimea, tenki la chini la kukusanyia maji, pampu ya maji, pampu ya hewa, chujio la uchafu, chujio la bakteria, saifoni (bomba la kunyonya maji ya kitandani), taima, sola na betri zake, kipimo cha pH (ukali wa maji, kama ni tindikali au la), kipimo cha amonia. Nilipoona jumla aliyoandika chini nikaweka karatasi mfukoni nikamwambia nitampigia.

Mimi ninavyoelewa: samaki wananya, maji yanakwenda kwenye mboga, mboga zinakula uchafu, maji yanarudi safi. Mengine naona mbwembwe. Mnaofuga kweli, kipi hakikwepeki? Naomba kuwasilisha.

#2 Nyumbu Mstaafu
Siti ya mbele. Ngoja waje wajuvi.

#3 Fundi Bomba
Mleta mada, hesabu yako imeruka hatua moja, na hiyo ndiyo inayoua samaki wa watu. Samaki hatoi mbolea, anatoa amonia, tena nyingi inatokea kwenye mashavu anapohema, siyo kwenye kinyesi. Amonia ni sumu kwake mwenyewe. Lazima waje bakteria wa kundi la kwanza waigeuze kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Halafu kundi la pili wageuze nitriti kuwa nitrati, hapo ndipo mboga zinakula vizuri na samaki hasumbuki.

Kwa hiyo vya lazima: tenki, kitanda, pampu, njia ya maji kurudi yenyewe kwa kuporomoka, hewa, na hao bakteria ambao hawamo kwenye orodha ya fundi. Wanaishi kwenye kokoto, kuta za bomba, popote penye unyevu na hewa. Ukijaza kokoto kitandani kina cha sentimita 30, kitanda hicho ndicho chujio la uchafu na ndicho chujio la bakteria. Machujio ya pembeni yanahitajika kwa anayepanda kwenye mabomba au kwenye maboya, kwa sababu huko hakuna kokoto. Tenki la chini pia liache: kitanda kikikaa juu ya tenki la samaki, maji yanadondokea humohumo.

Hapo nimeshakupunguzia vitu vitatu. Soda yangu usiisahau.

#4 Chogo wa Tabata
#3 asante sana mkuu. Sasa hao bakteria wanatoka wapi?

#5 Fundi Bomba
Wapo tu, hewani na majini. Kazi yako ni kuwapa chakula na muda. Kwa joto la Dar, wiki tatu hadi tano. Unazungusha maji, unaweka samaki wachache sana au amonia kidogo kutoka chanzo kingine, unapima mpaka uone amonia na nitriti zimeshuka hadi sifuri na nitrati imepanda. Kwa hiyo kipimo cha amonia siyo mbwembwe. Wanaojaza vifaranga mia mbili siku ya kwanza ndio hao wanaofungua nyuzi za "samaki wangu wanakufa hovyo".

Na kama ni maji ya bomba, yaache wazi siku moja mbili klorini itoke. Klorini ipo kwa ajili ya kuua bakteria, haichagui.

#6 Kambale Mweusi
"Chanzo kingine" hicho mbona hukitaji? Sema mkojo, kaka, humu ni watu wazima.

#7 Dada wa Matembele
😂😂 #6 jamani watu tunakula.

#8 Fundi Bomba
Ni kweli watu wanatumia, mkojo uliokaa wiki kadhaa kwenye dumu lililofungwa unageuka amonia. Wengine wanatumia urea kidogo. Mimi sijataja kwa sababu ya heshima ya jukwaa.

#9 Dada wa Matembele
Mimi nichangie kwenye umeme, maana ndiyo gharama inayokuja kila mwezi. Pampu ya wati 40 ikiwaka mchana na usiku inakula karibu uniti moja kwa siku, yaani kama 30 kwa mwezi. Kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, angalia isikutoe humo, utaumia kwenye Luku. Taima ni kitu kidogo ila inaokoa: dakika 15 inawaka, 45 inapumzika, matumizi yanashuka hadi robo. Ila hewa iendelee kivyake, usiizime.

Pia msome boksi la pampu vizuri. Namba kubwa iliyoandikwa ni pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ukitaka ipandishe mita moja na nusu, maji yanayotoka ni pungufu sana. Unataka maji ya tenki yote yazunguke mara moja kwa saa, sasa pima kwa ndoo na saa ya simu, usiamini boksi.

#10 Kambale Mweusi
Hewa hewa hewa. Fugeni kambale muone kama mtanunua pampu ya hewa. Kambale anavuta hewa ya juu kama mimi na wewe. Umeme ukatike hata siku nzima, yupo.

#11 Mzee wa Kimara
#10 unasema kweli nusu. Kambale atapona, lakini bakteria nao wanatumia oksijeni, na mizizi ya mboga vilevile. Maji yakikosa hewa, bakteria wanalala, amonia inapanda, na kambale wako anakaa kwenye sumu anakutazama tu. Amebadili jina la ugonjwa, hajaukwepa.

#12 Kambale Mweusi
Mzee wangu una dawa ya kila neno. Lakini wangu wapo, wananenepa, na pampu ya hewa sina.

#13 Ngege wa Dunga
Salamu kutoka Kisumu. Huku stima ikipotea usiku na uko na ngege (ndio sato wenu) wengi kwa tenki ndogo, hesabu ni ya masaa, siyo siku. Ushauri wangu: wachana na sola kubwa ya kuendesha pampu ya maji. Chukua pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inajiwasha yenyewe stima ikipotea. Samaki hawahitaji maji yazunguke usiku mmoja, wanahitaji kupumua. Hiyo sola ya fundi ni ya kumsomeshea watoto.

Na nyinyi wa Dar msilale, joto lenu linapunguza hewa kwa maji. Kwa nyuzi 20 maji yanaweza beba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, kwa 30 ni kama saba na nusu hivi. Na sato unataka abaki na tano kuendelea.

#14 Mshamba wa Barka
#13 njoo Oman uone joto. Kiangazi ukiliacha tenki juani sato wanapanda juu wote midomo wazi. Hapa tenki nimelizika nusu ardhini, nimetia kivuli na kulifunga magunia. Na wallahi kitu cha lazima ambacho hakuna aliyekitaja mpaka sasa ni kifuniko. Tenki jeupe linalopitisha mwanga linaota mwani, maji yanakuwa ya kijani, mchana mwani unatoa hewa, usiku unaivuta yote. Paka rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake ili lisipate moto.

#15 Mzee wa Kimara
Na kifuniko cha wavu kwa ajili ya kunguru. Kunguru wa Dar anasimama kwenye ukingo, anageuza shingo upande mmoja, anasubiri sato apande kula. Usipofunika unamlisha yeye.

#16 Chogo wa Tabata
Naandika yote haya. Sasa kokoto: hizi za kujengea zinafaa? Na saifoni ni lazima?

#17 Fundi Bomba
Kokoto hapa mjini ndipo pa kuwa makini. Ukanda wetu una mawe ya chokaa ya matumbawe, yale ya Kunduchi na Boko. Ukiyaweka kwenye maji yanayeyuka polepole na kupandisha pH, na haishuki mpaka uyatoe. Chukua kokoto za mwamba mgumu, zinazotoka Lugoba na Msolwa huko Chalinze. Kupima ni rahisi: dondoshea siki. Ikichemka mapovu, hiyo ni chokaa, rudisha. Wa Mbeya na Arusha nyie mna mawe mepesi ya volkano, hamjui shida zetu.

Saifoni siyo lazima, taima inatosha. Ila ukiitaka: bomba la inchi moja linasimama katikati ya kitanda, mdomo wake uwe sentimita tano chini ya uso wa kokoto. Juu yake unavika bomba la inchi mbili na nusu au tatu lililozibwa kichwani, chini umelikata meno ya msumeno. Nje ya hayo bomba la inchi nne lenye matundu ili kokoto zisiingie. Maji yanapanda hadi mdomoni, yanaanza kuchuruzika, kisha unasikia "grrr" na kitanda chote kinanyonywa mpaka hewa iingie kwenye yale meno. Maji yakiingia kitandani polepole mno, yatachuruzika tu bila kunyonya. Yakiingia kwa kasi mno, yatanyonya bila kukata. Ukiweka elbo (kiungo cha kona) chini ya bomba la kutokea, inawahi kuanza kunyonya.

#18 Baridi ya Ngaramtoni
Wa Arusha tupo. Mawe tunayo, tatizo sato. Juni na Julai maji yakishuka chini ya nyuzi 17 hivi, hawali, hawakui, na bakteria nao wanasinzia. Anayewaza kufunga huku afunge mwezi wa kumi, siyo wa sita.

#19 Binti Kigamboni
Samahani mleta mada, nidandie uzi wako. Mfumo wangu unafanya kazi, samaki wazima kabisa, wanakula mpaka wanarusha maji. Lakini mchicha na chainizi majani machanga yanatoka njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Majani ya zamani yako sawa. Matembele hayana shida. Tatizo nini?

#20 Dada wa Matembele
Hilo ni upungufu wa chuma, dalili yake ndiyo hiyo hasa: jani changa njano, mshipa kijani. Chakula cha samaki hakina chuma cha kutosha mimea kwa sababu samaki hawakihitaji kiasi hicho. Nunua mbolea ya chuma ya kuyeyusha, soma kifungashio kiwe kimeandikwa DTPA, hiyo ni kemikali inayoshikilia chuma kisigande majini. Ile ya EDTA inashindwa pH ikizidi sita na nusu hivi.

#21 Kambale Mweusi
Tupia misumari kwenye tenki, chuma bure.

#22 Mzee wa Kimara
Usimsikilize huyu. Msumari ukishika kutu kwenye maji yenye hewa na pH ya saba, hiyo kutu haiyeyuki, mmea hauipati. Na akitupia misumari ya bati, ile ina zinki, zinki ni sumu kwa samaki.

#23 Kambale Mweusi
Nimesema msumari, sikusema wa bati. Wangu upo tenkini na mnavu umestawi.

#24 Nyumbu Mstaafu
Weka picha mkuu. Bila picha hii ni chai.

#25 Fundi Bomba
Mimi sikubaliani na #20 kwamba tuanze na chuma. Chuma kinaweza kuwemo majini na mmea usikipate kwa sababu pH iko juu. Binti, kokoto zako ni zipi, na pH ni ngapi?

#26 Binti Kigamboni
Kokoto nilinunua hapa jirani, nyeupenyeupe. pH nilipima kwa vile vikaratasi vya bwawa la kuogelea, kama 7.8 hivi.

#27 Fundi Bomba
Kesi imeisha. Matumbawe hayo. Ukiongeza chuma bila kutoa kokoto unamwaga hela. Mfumo mzima unataka uwe karibu na saba: bakteria wanapenda juu kidogo, mimea inapenda chini kidogo, saba ndiyo maelewano. Tena angalia na samaki: kwa maji ya nyuzi 30, amonia ileile ikiwa pH nane sehemu yake yenye sumu ni kama mara tisa au kumi kuliko ikiwa pH saba.

#28 Mpemba wa Mjini
Yakhe kesi haijaisha. Kigamboni kule visima vingi vina chumvi. Binti, maji unayatoa wapi? Kama ni kisima, onja. Sato anastahimili chumvi, hata hashtuki, ndiyo maana unaona wazima. Mchicha na chainizi ndio wanaanza kulalamika.

#29 Binti Kigamboni
Ni kisima kweli. Chai yake ina ladha fulani, lakini tumeshazoea.

#30 Dada wa Matembele
Chumvi inaunguza ncha na kingo za majani, tena huanzia ya zamani. Haipaki njano majani machanga na kuacha mishipa. Chuma hicho.

#31 Mpemba wa Mjini
Kitabuni ndivyo. Bustanini vinakuja pamoja.

#32 Ngege wa Dunga
Mnapigana na sijaona mtu ameuliza chakula. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa andiko lao la 2014 la akwaponiki ndogo wanasema mboga za majani zinataka gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa kila mita mraba ya kitanda kwa siku. Za matunda kama nyanya ni 50 hadi 80. Binti ana kitanda cha ukubwa gani na anaweka chakula kiasi gani? Labda mboga zina njaa tu. Kama ana mita mbili, anahitaji gramu 80 hadi 100 kwa siku, yaani samaki kilo tano hadi kumi. Vifaranga mia vya gramu kumi ni kilo moja tu, hawatoshi.

#33 Mzee wa Kimara
Hesabu ya kilo tano hadi kumi ni ya samaki wakubwa, wanaokula asilimia moja au mbili ya uzito wao. Kifaranga cha gramu kumi anakula asilimia kubwa zaidi, anaweza kufika tano, sita. Kilo moja ya vifaranga inaweza kula gramu 50 au 60. Kwa hiyo njaa ipo lakini siyo kubwa kama unavyosema. Halafu njaa ya nitrojeni inaanza kwenye majani ya zamani, yeye kasema ya zamani yako sawa.

#34 Ngege wa Dunga
Haya Mzee, hapo umenishika kwa hesabu. Kwa chakula bado nasimama. Tena kama anatumia kile cha pumba na dagaa cha kukanda nyumbani, nusu inayeyuka kabla haijaliwa, inakaa chini inaoza. Cha kuelea unaona kimeliwa au hakijaliwa, dakika tano unatoa kilichobaki.

#35 Binti Kigamboni
Kitanda mita moja na nusu. Chakula ni cha kuelea, kiganja asubuhi kiganja jioni.

#36 Nyumbu Mstaafu
Kiganja cha nani? Cha binti au cha Kambale Mweusi?

#37 Mluguru wa Mgeta
Nimewapitia wote. Mimi naongeza onyo tu kwa atakayeona wadudu kwenye hizo mboga. Jirani yangu alipata vidukari kwenye chainizi iliyo juu ya tenki, akapuliza utupa, dawa yetu ya asili. Wazee walikuwa wanaponda utupa huohuo wakiuvulia samaki mtoni, siku hizi ni kosa kisheria. Asubuhi samaki wote tumbo juu. Watu wakisikia "ya asili" wanadhani ni salama kwa kila kiumbe. Kwenye akwaponiki vidukari toa kwa mkono au kwa maji ya presha, basi. Hata sabuni usipulize.

#38 Mshamba wa Barka
Allah. Maskini jirani.

#39 Chogo wa Tabata
Huu uzi bado ni wangu au nimeshaporwa? 😄 Wakuu, vifaranga napata wapi? Na nikiweka madume na majike si watazaana wanijazie tenki?

#40 Mluguru wa Mgeta
Watazaana na watadumaa, utavuna dagaa. Omba madume matupu. Ukipita Morogoro kuna kituo cha serikali Kingolwira. Kwa mafunzo FETA, wakala wa serikali wa elimu ya uvuvi, wana kampasi Mbegani, Bagamoyo, si mbali na wewe. Vifaranga wakifika, usiwamwage. Acha mfuko uelee juu ya maji yako kwanza joto lilingane, kisha ongeza maji yako kidogokidogo ndani ya mfuko.

#41 Binti Kigamboni
Mrejesho. Nilitoa kokoto nyeupe nikaweka za Lugoba (mgongo bado unauma), nikapunguza maji nusu nikaongeza ya mvua, na chuma cha DTPA nikaweka siku hiyohiyo. Majani mapya yanatoka kijani. Asanteni wote.

#42 Dada wa Matembele
Chuma. Nilisema.

#43 Fundi Bomba
Kokoto zimetoka, pH imeshuka, chuma kikaanza kupatikana. Nilisema mimi.

#44 Mpemba wa Mjini
Na maji ya mvua hamyaoni?

#45 Mzee wa Kimara
Binti, umebadili vitu vitatu kwa mpigo, sasa hawa hawatalala. Tafadhali pima pH tena na utuambie, maana kokoto mpya hazina bakteria na umewatupa wengi wa zamani pamoja na zile nyeupe. Amonia pima kila siku wiki hii, na chakula punguza.

#46 Binti Kigamboni
Kipimo cha amonia ndicho nilichokuwa sijanunua...

#47 Kambale Mweusi
Hamia kambale.